Tarehe Sita Aprili Haina Mwenyewe

Kwa Waheshimiwa mnaopanga kalenda ya sikukuu za taifa, Unguja na Dodoma.



Naanza kwa shukurani, na shukurani hizi ni za moyoni. Kazi yenu si nyepesi. Kila kundi lina siku linayoitaka, na kila siku mnayoitoa ina gharama yake: ofisi zinafungwa, mizigo inalala bandarini, anayeishi kwa kibarua cha siku anakosa kibarua. Hata hivyo mmetupa kalenda inayotutambulisha. Tarehe 12 Januari tunakumbuka Mapinduzi, 7 Aprili tunamkumbuka Mzee Karume, 26 Aprili Muungano, 14 Oktoba Mwalimu Nyerere, 9 Desemba Uhuru wa Tanganyika. Saba Saba na Nane Nane nazo zina watu wake. Siji kuomba hata moja iondolewe.

Nakuja kuuliza habari za siku iliyo mlangoni mwa ile ya Mzee Karume. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyouondoa utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Tangu siku hiyo mtu hakuweza tena kwenda mahakamani kudai kwamba mtu mwenzake ni mali yake. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Ng'ambo, na kila inapofika tarehe hiyo huvuka Darajani asubuhi nikaenda Mkunazini, mahali lilipokuwa soko la watumwa. Hukuta wageni. Wamekuja kwa makundi, wamelipa kiingilio, na waongozaji wetu vijana wanawaeleza habari za bibi zetu kwa Kiitaliano, kwa Kifaransa, kwa Kijerumani. Wanaeleza vizuri, nawapongeza. Husimama nao mbele ya lile shimo lenye sanamu tano za mawe zilizofungwa minyororo, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden, nikangoja. Bendera haipandishwi. Mtoto wa skuli aliyeletwa kwa ajili ya siku hiyo simwoni. Na mmoja wenu, Waheshimiwa, miaka yote hiyo sijamwona.

Kesho yake, tarehe 7, nakwenda Kisiwandui kwenye kaburi la Mzee Karume. Huko nawaona nyote, mmevaa vizuri, mmeketi kwa adabu, mnasoma dua. Na mimi naitikia amina, maana ndiyo haki yake. Lakini kutoka Mkunazini hadi Kisiwandui ni mwendo wa miguu tu, hata mzee kama mimi haumchoshi. Kwa nini basi siku hizi mbili zinazofuatana zimekuwa mbali hivi?

Nimelitafakari jambo hili kwa miaka, na nilipofikia ni hapa. Sikukuu zetu zote za uhuru ni za dola. Zinakumbuka bendera iliyoshushwa na bendera iliyopandishwa, serikali iliyoondoka na serikali iliyoingia. Hakuna hata moja inayomkumbuka mtu mmoja mmoja aliyekuwa akimilikiwa, akaacha kumilikiwa. Wala neno lenyewe hatukuanza kulitumia kwa dola. Kabla uhuru haujawa neno la jukwaani lilikuwa neno la karatasi. Mtumwa aliyeachwa na bwana wake aliandikiwa huru, na karatasi ile aliificha sandukuni pamoja na sanda yake, maana bila karatasi mtu angeweza kumshika njiani akamuuza tena. Chama cha TANU kilipolichukua neno hilo miaka ya 1950 kililikuta limekwisha kulowa machozi ya watu.

Ruhusuni nifanye hesabu moja ya darasani, maana ndiyo kazi niliyoizoea. Bara, Wajerumani hawakuufuta utumwa. Waliamua tu kwamba mtoto atakayezaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Basi mchukueni mtoto aliyezaliwa na watumwa Bagamoyo au Tabora mwaka 1905, kabla ya tarehe hiyo. Alikuwa mtumwa kwa sheria hadi akafika miaka 17. Usiku ule Luteni Alexander Nyirenda alipousimika mwenge juu ya Kilimanjaro, Desemba 1961, mtu huyo alikuwa na miaka 56. Yawezekana alikuwa uwanjani akipiga vigelegele, jirani na vijana ambao hawakujua kwamba kwake yeye ule ulikuwa uhuru wa pili. Tumemshangilia kwa wa pili. Ule wa kwanza hatukumuuliza.

Najua hoja zenu, nimezisikia katika vikao na barazani, na sitaki kuzipita kimya kimya kwa sababu zimesemwa na watu ninaowaheshimu.

Ya kwanza ni kwamba siku hiyo ni ya Waingereza. Kwamba tukiiadhimisha tutakuwa tunamshukuru balozi na manowari zake. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la Mkunazini, Sultani Seyyid Barghash alitia saini baada ya balozi wa Waingereza, John Kirk, kumwonyesha kwamba kisiwa kitazingirwa asipotia. Hamoud mwenyewe aliketi kitini baada ya mizinga ya Waingereza kubomoa kasri Agosti 1896. Tena amri yao ya 1897 ilikuwa na kasoro kubwa, na ningependa kasoro hizo zisomwe hadharani kila mwaka ili watoto wetu wasidanganywe. Fidia alilipwa bwana, kwa hasara aliyoipata. Aliyetumikishwa hakupewa hata pishi ya mpunga. Uhuru haukumfuata mtu shambani kwake. Ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuuomba. Akishaupata aliwekewa kodi, na alitakiwa aonyeshe ana makazi na ana riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Mtu aliyelima karafuu za mwenzake miaka thelathini aulizwe: unakaa wapi, unakula nini?

Na masuria waliachwa nje. Amri iliwahesabu kana kwamba ni wake za mabwana zao, kwa hiyo uhuru wa mwezi Aprili haukuwahusu, isipokuwa mmoja mmoja atakayethibitisha kuteswa. Walingoja hadi mwaka 1909. Miaka 12, Waheshimiwa. Binti aliyekuwa na miaka 20 ndugu zake wa kiume walipoachiwa alifika miaka 32 ndipo sheria ikamkumbuka. Kila ninaposikia mnazungumza habari za haki za wanawake, na mnazungumza kwa ufasaha, nawafikiria hao, na natamani nanyi mngewafikiria.

Lakini kusema kwamba uhuru ule ulikuwa zawadi ya Waingereza ni kuwadhulumu watu wetu mara ya pili. Karatasi ya Hamoud isingekuwa na maana kama watu wasingekwenda mahakamani na kusimama mbele ya bwana waliyezoea kumwinamia. Wengine hawakuingoja karatasi. Watoro wa mwambao wa Mombasa na Malindi walijenga mji wao Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, wakalima na kujilinda, miaka mingi kabla sheria haijawatambua. Wengine walikimbilia Rabai, kwa wamisheni, wakawa wengi hata Januari 1889 ikabidi mabwana walipwe na hati za uhuru zigawiwe kwa watu zaidi ya 1,400 kwa pamoja. Hati zile zilitolewa kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuondoka. Nani kawaambia kwamba mtu anayekimbia usiku, na mtoto mgongoni, kapewa zawadi?

Hoja ya pili ni kwamba Siku ya Uhuru imekwisha kuyameza yote hayo, hakuna haja ya siku mbili. Hivyo ndivyo walivyofikiri Jamaica. Watu wa kisiwa kile walikuwa wakiadhimisha tarehe 1 Agosti, siku ambayo mwaka 1834 sheria ya Uingereza ya kufuta utumwa ilianza kazi na mwaka 1838 watu wakaachiwa kikamilifu. Walipopata uhuru wa nchi mwaka 1962 wakaiondoa, wakaona sikukuu ya taifa inatosha. Haikutosha. Mwaka 1997 wakairudisha, na sasa wanazo zote mbili katika mwezi mmoja, wala taifa lao halikupungua kitu. Trinidad na Tobago walikwisha kuifanya yao sikukuu tangu 1985. Marekani, iliyochelewa kuliko wote hao, iliifanya tarehe 19 Juni kuwa sikukuu ya taifa zima mwaka 2021, kukumbuka siku ya 1865 ambapo watumwa wa Texas walisomewa tangazo la uhuru lililokuwa limekwisha kutolewa miaka miwili na nusu nyuma.

Lakini Marekani ni mbali. Nitawapeleka karibu zaidi, panaponiuma. Mauritius wanapumzika kila tarehe 1 Februari, kukumbuka mwaka 1835 utumwa ulipofutwa kwao. Wanakwenda chini ya mlima Le Morne, walikojificha watoro, wanaimba na kuomba. Ni nani hao? Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye visiwa vya huko. Miongoni mwa wanaoimba Le Morne, basi, wapo wajukuu wa watu waliopitishwa Kilwa yetu. Waliochukuliwa wana siku. Sisi tuliobaki kwenye gati walilopakiliwa hatuna.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo yenyewe. Mnaogopa kutonesha kidonda. Mnasema Unguja ni kisiwa kidogo, wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa wanakaa mtaa mmoja, wameoana, wanasali safu moja, Mapinduzi ya mwaka 1964 yalituonyesha damu, tusichokonoe. Woga huo nauelewa, hata mimi ninao. Lakini, kwa heshima zote, utumwa haujawahi kunyamaziwa hapa. Kila msimu wa siasa unatolewa ukawa fimbo: huyu ni kizazi cha fulani, yule anataka kuturudisha kule. Mambo hayo husemwa jukwaani na watu wazima, vipaza sauti vikiwa wazi. Kinachonyamaziwa ni watumwa wenyewe, walivyoishi na walivyojitoa. Mkiwa mnaweza kuutaja utumwa kwa ajili ya kura, mnaweza kuutaja kwa ajili ya rehema.

Na siku yenyewe ingesaidia kusema ukweli wote, ambao fimbo haiwezi kuusema. Waliokuwa na watumwa hawakuwa kabila moja. Waarabu wa Oman walikuwa nao, na waungwana wa Kiswahili wa mwambao walikuwa nao. Wakubwa wa bara waliuza mateka wao, matajiri wa Kihindi walikopesha misafara fedha, Wafaransa walinunua, na pembe za ndovu zilizobebwa na mabega ya watumwa zilikwenda Ulaya na Marekani kuwa funguo za piano. Mkisimama Mkunazini mkayasema hayo yote kwa pamoja, nani atapata nafasi ya kumnyooshea kidole jirani yake?

Kidonda, kwa kweli, kimo kwenye ndimi zetu. Tunasema "muungwana" tukimaanisha mtu mwenye adabu, na asili ya neno ni mtu asiyewahi kuwa mtumwa. "Mjinga" alikuwa mtumwa aliyeletwa karibuni, hajui lugha wala mji. Leo tunamtupia mtoto aliyekosea hesabu, na Mungu anisamehe, nimelitumia darasani. "Mtwana" bado ni tusi. Nilipokuwa kijana, posa ya ndugu yangu ilirudi. Sababu haikutajwa mbele yetu. Ilitufikia baadaye kwa mlango wa uani: wale ni wazalia. Yaani bibi wa bibi yetu alizaliwa shambani kwa mtu, wala si kwake. Mama alilia siku tatu, kisha akatukataza tusiliseme tena neno hilo ndani ya nyumba. Bibi yangu naye, nilipomuuliza, alinijibu neno moja tu: "Sisi watu wa shamba, mwanangu." Akaendelea kupepeta mchele. Alikufa nalo. Sikuwahi kujua ni shamba gani.

Ndiyo maana nawaandikia. Bibi aliiona aibu kuwa ni yake. Alipaswa kuishi katika nchi ambayo mara moja kwa mwaka serikali inasimama na kumwambia aibu ile haikuwa yake hata siku moja.

Mkitaka uso wa kuubandika kwenye mabango ya siku hiyo, hamna haja ya kuagiza nje. Karibu na mwaka 1880, pale Fumba, alizaliwa mtoto katika nyumba ya watu wa asili ya utumwa. Akaitwa Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Alifinyanga vyungu, akatembeza akiviuza, akiimba njiani. Alikuwa msichana amri ya 1897 ilipotoka. Baadaye akaja mjini, akajifunza kuimba na kusoma Kurani kwa tajwidi, na mji uliokuwa ukimwita Mtumwa ukaanza kumwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kutia sauti yake kwenye sahani za santuri, na Waswahili kutoka Lamu hadi Kilwa wakamsikia akiimba kwa lugha yao. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Nimesikia mara nyingi mkimsifu Siti kwenye matamasha ya muziki. Sijasikia mkitaja jina alilopewa alipozaliwa. Litajeni, Waheshimiwa. Bila jina lile la kwanza, hili la pili mnalipunguzia urefu wa safari.

Wanawake wa zama zake walifanya vivyo hivyo kwa nguo. Kaniki ilikuwa vazi la mjakazi, nyeusi, isiyo na maneno wala maua. Walipokuwa huru waliiweka kando wakajitanda kanga, wakafunika vichwa ambavyo hawakuruhusiwa kuvifunika. Leo kanga inagawiwa kwenye mikutano ikiwa na picha za viongozi. Sina kinyongo na picha zenu. Ila mngejua nguo ile ilivaliwa kwanza na nani, na kwa nini, mngetoa toleo moja la tarehe 6 Aprili lisilo na picha ya mtu.

Sasa nieleze ninachoomba, msije mkasema mzee kalalamika akaondoka. Siombi gwaride. Siombi hata ofisi zifungwe mwaka wa kwanza, kama hazina haina uwezo. Naomba siku itajwe kwenye kalenda ya serikali kwa jina lake, Siku ya Kuachiwa Huru, na wanafunzi wa Unguja na Pemba asubuhi hiyo wasomewe amri ile kwa Kiswahili, pamoja na kasoro zake, pamoja na masuria walioachwa nje. Bara, mkiona 1922 inawafaa zaidi, chukueni ya kwenu. Mombasa iliyokuwa chini ya Sultani huyohuyo kwa jina nayo ilingoja hadi 1907, na ndugu zetu wa Kenya wana kengele yao ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru, iliyowapa mtaa mzima jina la Kengeleni, na kitabu cha James Mbotela kuhusu uhuru wa watumwa, kilichotoka 1934, wakisome. Mwenge wa Uhuru unapozunguka nchi kila mwaka hupita njia zilezile za misafara: Ujiji, Tabora, Bagamoyo. Unazindua visima na madarasa, jambo jema. Uwekwe chini nusu saa tu chini ya miembe ile ya Ujiji, na mtu mmoja aeleze nani walipita hapo wakiwa wamefungwa shingoni.

Mtaniambia suala hili linahitaji kamati. Liundieni, lakini muweke ndani yake mtu mmoja anayejua kwao walikuwa wazalia na asiyeona haya kusema. Wapo wengi kuliko mnavyodhani. Baadhi yao wamo maofisini mwenu, na wamenyamaza kama alivyonyamaza bibi yangu.

Aprili ijayo, Mungu akinipa uhai, nitakuwa Mkunazini saa moja asubuhi, kabla makundi ya wageni hayajafika. Nitakuja na mjukuu wangu wa miaka tisa. Ameniuliza wale watu wa mawe wanaitwa nani, nikashindwa kumjibu. Mmoja wenu akiweza kufika, hata bila msafara wa magari, nitamkaribisha kahawa pale Darajani tukimaliza, na kesho yake tutakwenda naye Kisiwandui pamoja.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu mstaafu, Ng'ambo, Unguja